Aliye Mbele Ndiye Anayeita

Aprili 3, Alhamisi

Mvua tangu alfajiri. Padri Roesler ameniambia kwamba mwanamke anayezungumza na sufuria kutwa nzima anahitaji mahali pengine pa kuweka maneno yake. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Basi tujuane. Mimi ni Ludmila Bezdek, mpishi wa shule ya parokia, mjane wa Raymond, na miaka hamsini nimekwisha kuipita. Shule niliachia darasa la kumi, kwa hiyo makosa utayavumilia.

Leo nimetoa baiskeli ghalani, nimeitia mnyororo mafuta. Juni tunasafiri tena, siku tano vilimani kwa pedali, tukifuata njia ya zamani ya magari ya maksai. Nimekuwa nikiingoja tangu Krismasi kama mtoto.

Aprili 8, Jumanne

Nimekwenda na mdogo wangu Alvin kupeleka chumvi ya ng'ombe kwenye malisho yake ya kusini. Langoni gari lilishtuka, nikagonga kichwa kwenye paa. Malango yetu ya barabarani hayana mlango. Ni mtaro uliolazwa mabomba ya chuma juu yake, moja baada ya jingine, kukatisha barabara. Ng'ombe anaogopa kukanyaga, gari linapita. Sasa upande wa kulia bomba moja limekatika, pamebaki pengo la kumeza gurudumu.

"Dada, hapa siku moja mtu atang'oka meno," Alvin akasema.

"Si uwaambie watu wa kaunti?"

"Nimewaambia. Wamenishukuru sana."

Tumecheka. Alvin akicheka anafanana na baba.

Aprili 15, Jumanne ya Wiki Kuu

Nimeoga mara mbili na mikono bado inanuka moshi. Naandika kwa sababu nikifumba macho nawaona.

Aprili ni mwezi wa kuchoma. Kila mwenye malisho hapa Kansas, upande huu wa vilima, huchoma nyasi kavu ili mpya ziote. Sheria yetu ni moja, na hakuna aliyeiandika: kabla hujatia moto unapigia kaunti simu, kisha unampigia kila jirani ambaye uzio wake unagusana na wako, ahamishe mifugo na alete maji. Hata watu walioburuzana mahakamani hupigiana siku hiyo. Wanasema, "Nachoma," mwenzake anasema, "Nimesikia," wanakata.

Verlin Svitak alipiga simu kaunti. Akawapigia majirani wa kaskazini, wale wa dhehebu la Wamenno. Akampigia yule mzee wa mashariki. Alvin hakumpigia. Wamenuniana tangu Desemba kwa sababu ya mita chache za uzio, nami sikudhani jambo la kipuuzi hivyo linaweza kufika hapa.

Mchana upepo ukageuka. Nilikuwa naosha sinia za shule niliposikia king'ora. Nilipofika malishoni moto ulikuwa mrefu kuliko nyumba, unakimbia kuliko farasi, na unaunguruma kama gari moshi. Ng'ombe wa Alvin na ndama zao walikuwa wamekimbilia kona ya uzio, wamepandana. Sitaandika sauti yao. Mungu aliisikia, inatosha.

Alvin alikuwa anaung'oa waya wa miiba kwa mikono. Glovu zilikuwa zimeyeyuka juu yake. Nilimvuta kwa mkanda wa suruali, akanipiga kiwiko cha mdomo bila hata kunitazama. Tulipomtoa, ngozi ya mkono wake wa kulia ilikuwa inaning'inia.

Verlin akaja na gari la maji, uso wote masizi, analia waziwazi.

"Upepo umegeuka, Alvin. Umegeuka wenyewe, naapa."

"Hukunipigia."

"Ulikuwa unavuma vizuri tu, halafu..."

"Simu, Verlin. Ipo mfukoni mwako. Naiona. Hukunipigia."

Alvin aliyasema hayo kwa upole. Ningependa angepiga kelele.

Aprili 16, Jumatano

Leo tumewamaliza ng'ombe waliobaki hai. Mkono wa Alvin umefungwa bendeji, akawa anapiga bunduki kwa kushoto, mimi namshikilia mnyama kichwa. Wengine macho yalikuwa hayapo.

Dolka, jike lake la farasi aliyemlea kwa chupa, tulimkuta amesimama. Amesimama, na tumbo limeungua mpaka ndani. Alvin akanipa bunduki.

"Siwezi," nikasema.

"Dada, natetemeka. Nitamuumiza."

Nikafanya ishara ya msalaba, nikapiga. Akaanguka kwa magoti kwanza, kama anayesali. Ee Bwana, Wiki yako Kuu hii.

Aprili 20, Pasaka

Kristo amefufuka. Alvin hakuja kanisani. Verlin alikuja, akakaa benchi la nyuma kabisa, na mimi sikumpa mkono wa amani. Nilimwona ameunyoosha, nikageuka.

Aprili 29, Jumanne

Mvua. Vilima vyeusi vimeanza kuwa kijani. Ni uzuri wa kuudhi.

Mei 4, Jumapili

Jolene, mke wa Verlin, ni rafiki yangu tangu tukiwa wasichana wa komunyo ya kwanza. Leo kanipigia, meno yanagongana.

Walikwenda kwa Alvin kumpa mitamba wao, achague anaowataka. Alvin akawasikiliza mpaka mwisho. Kisha akang'oa nguzo ya chuma ya uzio, akavunja kioo cha mbele cha gari lao, Jolene akiwa amekaa ndani.

"Vipande viko mpaka kwenye sidiria, shoga," akasema, akacheka, halafu akalia. "Mwambie ndugu yako mimi sikuwasha moto wowote."

Nilikwenda kumwambia. Alvin alikuwa anakula supu kwa kijiko, mkono wa kushoto. "Sikumwona Jolene," akasema. Alimwona. Ninamjua tangu ananyonya.

Mei 11

Nimeendesha mpaka darajani na kurudi. Upepo mbaya.

Mei 19, Jumatatu

Mbwa wa Verlin amekutwa mlangoni pao, amepigwa risasi ya sikio. Mbwa mzee, hakuwa na meno. Sijamuuliza Alvin. Nimekwenda mpaka kwake, nimeona bunduki haipo ukutani, iko mezani juu ya gazeti imefunguliwa kusafishwa, nikarudi nyumbani. Mwezi uliopita nilikuwa namwonea huruma mpaka nashindwa kula. Sasa sijui ninayemwonea ni nani. Ndugu yangu au mtu mwingine aliyeingia kwenye nguo zake.

Juni 8, Pentekoste

Baada ya misa tumekutana ukumbini kupanga safari. Nilikuwa nimeomba mmoja wao asije. Wamekuja wote wawili. Verlin kwa sababu hajakosa safari hata moja tangu aoe, na Alvin kwa sababu Verlin atakuwepo. Hilo alinitamkia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama anayesema atapitia dukani.

Ewe daftari, wewe hujawahi kupanda baiskeli, basi nikueleze. Tunakwenda kwa mstari mmoja, gurudumu nyuma ya gurudumu, karibu kiasi cha shubiri mbili, kwa sababu huku upepo haukuachii na wa mbele ndiye anayeukata. Wa nyuma haoni barabara. Anaona mgongo tu. Kwa hiyo aliye mbele ndiye anayeita. Akiona shimo anaonyesha kwa mkono na kuita, "Shimo!" Wa pili anarudia, wa tatu anarudia, mpaka mkiani. Mkiani yuko Jolene na gari la mizigo, dirisha wazi, na neno likimfikia anapiga honi mara moja. Wa mbele akisikia honi anajua limefika.

Padri Roesler akasimama na karatasi yake. Kila siku na kiongozi wake. Jumanne ya kwanza ni ya Alvin, na Alhamisi pia, kwa kuwa njia inapita kwao. Kisha akasema, "Na nyuma ya Alvin atakaa Verlin. Siku zote tano."



"Padri," nikasema, "samahani, umelala vizuri?"

"Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake amemkabidhi meno yake, Ludmila. Watu hawa hawawezi kusameheana kwa maneno. Waache wafanye kwa miguu."

Verlin akasema, "Mimi sawa." Alvin akatabasamu. Tangu moto ule, mara ya kwanza.

Juni 17, Jumanne. Siku ya kwanza

Tumeondoka baada ya baraka. Nyasi zimefika magotini, zinainama pamoja kama watu kwenye misa. Mstari wetu: Alvin, Verlin, mimi, Padri, kisha wengine. Alvin aliita kila kitu, sauti yake kubwa ile ya kuita ng'ombe. "Kokoto!" "Gari nyuma!" Honi ya Jolene ikajibu kila mara. Vijana fulani walitupita na gari wakitutupia chupa, naye Alvin aliiona kabla haijafika, akaita, "Chupa kushoto!" Nikamshukuru Mungu. Nikajiona mjinga kwa wasiwasi wangu.

Jioni, chakula katika ukumbi wa chini wa kanisa la Walutheri. Nyama ya nguruwe, maharage mabichi ya kuoka, pai. Verlin akasema kwa upole, "Alvin, nisogezee chumvi."

Alvin akamsogezea. Kisha akalikamata bakuli zito la kioo la maharage, akampiga nalo mdomoni. Maharage yakaruka mpaka kwenye picha ya Luther. Wakaanguka kati ya viti, Verlin chini, Alvin juu anapiga kwa mkono uleule wa bendeji, na kila ngumi anasema, "Piga simu. Piga simu. Piga simu."

Bibi mmoja wa Kilutheri akaja na mwiko. "Mkauane nje! Pai hizi ni za tufaha!" Akawachapa wote wawili mpaka wakaachana.

Verlin ametema jino kwenye leso. Padri anataka kumrudisha Alvin nyumbani. Verlin ndiye aliyekataa. "Mwache. Anadai," akasema, damu kidevuni. "Mwache achukue."



Juni 18, Jumatano. Siku ya pili

Asubuhi tulisimama mahali ambapo magurudumu ya magari ya maksai bado yamechimba mifereji kwenye mwamba. Tukala kolache, mikate midogo ya Kicheki ya mbegu za mpopi, nilizooka mwenyewe, Jolene akala nne, tukacheka kidogo.

Mchana mawingu ya kijani. Tulijua dhoruba inakuja. Tukakimbilia chini ya daraja la mawe, na mvua ya mawe ikaanza, kila jiwe kama yai la kuku. Verlin alikuwa wa mwisho kwa sababu alikuwa anamsaidia mama mmoja aliyeanguka. Akamtia ndani yule mama. Alipotaka kuingia mwenyewe, Alvin alikuwa amesimama kwenye upenyo, mikono kwenye kuta mbili.

"Pamejaa," akasema.

Hapakujaa. Mimi nilikuwa nimekaa, daftari, nimekaa kabisa, miguu nimeinyoosha.

Verlin hakubishana. Alisimama kule nje na kofia yake ya plastiki, mawe yanampiga mabega, mgongo, vidole. Niliyasikia yanavyomgonga. Nilimshika Alvin kwa nyuma, nikamvuta nywele kama tulivyokuwa wadogo, naye hakusogea. Padri akapita chini ya kwapa lake, akatoka, akamvuta Verlin, na wakabaki wote wawili wameinama kwenye ukuta wa nje hadi mawe yalipokwisha. Padri amepasuka sikio.

Jioni nilimwambia Alvin, "Mungu amekuona."

"Alikuwa wapi Aprili?"

Nami ni mtu wa kusali rozari mbili kwa siku, nikaenda kuosha vyombo.

Juni 19, Alhamisi. Siku ya tatu

Niko ndani ya gari la mizigo. Goti langu limefura kama boga, kiganja kimechanika, lakini naweza kushika kalamu. Nitaandika kama ilivyokuwa, nisije nikaigeuza baadaye.

Zamu ya Alvin kuongoza. Upepo ulitoka nyuma, zawadi adimu, tukawa tunateremka kwa kasi ambayo kwa kawaida inanifurahisha. Alvin aliita vizuri asubuhi yote. "Shimo!" Honi. "Mchanga!" Honi. Verlin alikuwa nyuma yake kabisa, uso umevimba, macho kwenye mgongo wa Alvin. Hakuacha hata nafasi ya kuponea. Nadhani alifanya kusudi. Nadhani ndiyo yalikuwa malipo yake, kukaa pale.

Kisha nikaziona nguzo nyeupe za lango. Malisho ya kusini. Nikalikumbuka bomba.

Nikangoja aite. Mgongo wake ulikuwa umetulia. Mikono yake yote miwili juu ya usukani. Nikangoja tena. Akasogea kushoto kidogo tu, kama mtu anayekwepa dimbwi, wala hakufungua mdomo.

Nilipaswa kupiga kelele, "Mabomba!" Neno likanikwama. Lililotoka ni jina. "Verlin!" nikalia. Naye akageuza kichwa kunitazama, mwungwana kama kawaida yake mtu akimwita, na gurudumu lake likaingia.

Baiskeli ilisimama. Yeye hakusimama. Alifika kwenye chuma kwa upande wa uso, nikasikia taya, kisha mimi nikampanda, kisha Padri akanipanda mimi. Niliponyanyuka nilikuwa nimeshika kitu kidogo cheupe. Lilikuwa jino. Nimelitia mfukoni, sijui kwa nini. Bega lake lilikuwa limetoka nyuma. Jicho moja lilikuwa limefunikwa na shavu ambalo halikuwa mahali pake. Alikuwa anapumua damu, inatoka na mapovu.

Alvin alikuwa amesimama upande wa pili wa mabomba. Ameshuka, ameshika baiskeli yake vizuri, kama anayengoja taa zibadilike.

"Njoo umshike kichwa!" nikampigia kelele.

Hakuja. Uso wake haukuwa na furaha, hilo naliapia. Haukuwa na kitu.

Jolene akaacha gari mlango wazi, akaja anakimbia. Hakupiga yowe. Alipiga magoti, akamshika mumewe kichwa, mapaja yake yakawa mekundu. Akaniuliza bila kuniangalia:

"Sikupiga honi. Shoga, mimi sikupiga honi. Aliita?"

Sikusema neno.

"Haya," akasema. "Umenijibu."

Helikopta ikatua kwenye nyasi mpya, palepale palipoungua. Wamempeleka Wichita.

Juni 20, Ijumaa. Siku ya nne

Leo hatukuendesha. Tumekaa kwenye uwanja wa shule ya zamani ya mawe tulikolala, na naibu wa sherifu, bwana Koehn, kijana wa Kimenno, akatuhoji mmoja mmoja kwenye meza ya mandari. Wengi wamesema upepo ulikuwa mkubwa, hawakusikia. Labda kweli.

Alvin amesema mkono wake mbovu haukuweza kuachia usukani kuonyesha.

Zamu yangu ilipofika niliweka rozari mezani.

"Mama Bezdek, nduguyo aliita?"

"Hapana."

"Labda mkono..."

"Mkono uliungua. Mdomo haukuungua. Lile bomba analijua, mwezi wa nne alinionyesha yeye mwenyewe." Kisha nikasema na langu, jinsi nilivyoita jina. Akaandika vyote viwili kwa mwandiko uleule.

Alvin alikuwa amesimama kwenye kona ya jengo. Alisikia. Akaja moja kwa moja, akanizaba kofi mpaka miwani ikaruka.

"Mimi ndiye ndugu yako! Mimi!"

Nilikuwa na pampu ya baiskeli mkononi. Nikampiga nayo shingoni kwa nguvu zangu zote, nguvu za mtu anayebeba sufuria za watoto mia. Akapiga goti.

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Angekuwa mgeni ningenyamaza."

Bwana Koehn ametutenganisha, akasema mwendesha mashtaka ataamua, ila neno la majeruhi ni kubwa kuliko yote. Akaenda hospitali. Jolene, aliyekuwa amerudi kuchukua nguo za mumewe, akanichukua mimi. 

Verlin amefungwa taya kwa nyaya. Kilichobaki wazi ni jicho moja na vidole. Koehn akamwinamia.

"Bwana Svitak, aliyekuwa mbele yako aliita?"

Jicho likanitazama mimi, kisha Jolene. Kisha akainua kidole gumba, juu kabisa.

"Una hakika?"

Juu tena.

Koehn akafunga kitabu chake, akatoka. Mimi nikasogea kitandani.

"Verlin, huo ni uongo, na unajua ni uongo."

Akazungumza kupitia nyaya, kila neno kama anang'oa msumari. "Mimi... sikupiga... simu."

Nikalitoa lile jino mfukoni, nikaliweka kwenye kibati pembeni ya kitanda. Sikuwa na kitu kingine cha kumpa. Nikamshika mkono, ule ambao siku ya Pasaka niliuacha hewani.

Jolene alikuwa dirishani. "Mume wangu ameshamaliza na Alvin," akasema. "Mimi bado. Nenda ukamwambie hivyohivyo."

Nimekwenda. Jioni nilimkuta Alvin kule shuleni, amekaa kwenye ukuta wa mawe. Nilimwambia habari ya kidole gumba na habari ya simu. Akanisikiliza. 

"Nani kamtuma?" akasema. "Nani kamtuma anisamehe? Nimemwomba mimi?" Akageuka akaupiga ukuta ngumi kwa mkono ulioungua. Akapiga tena. Bendeji ikawa nyekundu, na bado anapiga, anasema maneno ya Kicheki ya bibi yetu ambayo sijawahi kumsikia nayo tangu utotoni. Sikumzuia. Aliposhindwa kuinua mkono nilimfunga kwa taulo yangu ya jikoni. 

Juni 21, Jumamosi. Siku ya tano

Padri alitaka tupande gari turudi. Amezeeka kwa siku mbili, sikio lina plasta, anasema mstari ule aliupanga yeye. Lakini watu wakasema tumalizie kwa pedali, kama kila mwaka, mpaka mlango wa kanisa letu. Mzunguko unatupitisha tena langoni kwa Alvin.

Jolene alikuja asubuhi kutoka Wichita. Binti yao anamwangalia baba.

"Huna haja ya kuendesha gari leo," nikamwambia.

"Mizigo yenu siwezi kuitupa njiani. Na yeye nataka nimwone mgongo."

Alvin akasimama mbele na baiskeli yake. Hakuna aliyemwambia akae mbele, wala aondoke. Nyuma yake pakabaki wazi. Watu walijishughulisha na kamba za viatu.

Nikaenda nikakaa mimi. Goti langu linawaka moto, shavu langu bado lina vidole vyake. Nikasogeza gurudumu langu mpaka shubiri mbili. Meno yangu haya, nikamwambia Mungu, si mazuri sana lakini ndiyo niliyo nayo.

Mwanzoni alikuwa kimya. Kisha kokoto moja, ndogo kama njegere. "Kokoto!" akaita, na mkono wa taulo ukatoka, ukaonyesha. Nikarudia, Padri akarudia, likaenda mpaka mkiani. Honi haikulia.

"Shimo!" Likaenda. Kimya.

Akaendelea. Aliita mashimo, aliita majani makavu, aliita kivuli cha mwewe. Sauti ikakwaruza, kisha ikapasuka, na bado anaita. Kila akinyoosha mkono damu ilidondoka kwenye lami, na mimi nilipita juu ya matone yake. Nyuma hakuna honi. Kutwa nzima sikusikia honi.

Tulipofika kwenye mteremko wa lango akaanza kupiga kelele mapema, kabla nguzo hazijaonekana. "Mabomba! Mabomba! Limekatika kulia! Mshuke wote!" Tukashuka. Akatangulia, akasimama ndani ya mtaro penye lile pengo, mguu huku na mguu huku, akamwongoza kila mtu upande wa kushoto, mmoja mmoja, akisema "mabomba" kwa sauti ambayo sasa ilikuwa pumzi tu. Padri alipita analia.

Kisha likabaki gari. Jolene alikuwa amelisimamisha mbali kidogo, injini inanguruma, na Alvin yuko katikati ya njia yake, ndani ya mtaro mpaka magotini. Nikamwona Jolene anashika usukani kwa mikono miwili. Injini ikapanda. Niliogopa, daftari, kwa sababu kama mimi ningekuwa yeye sijui ningefanya nini.

Alvin hakutoka. Akainua mkono wake wenye damu, akalielekezea pengo kidole. "Jolene," akaita. "Mabomba."

Mwewe alizunguka. Nyasi zikalala, zikainuka.

Jolene akapiga honi mara moja.

Alvin akatoka mtaroni, akampisha. Jolene akapita upande wa kushoto, polepole, dirisha limefungwa, bila kumtazama.